Mhandisi mitambo anasomeshwa nini hasa?

Mhitimu wa uhandisi mitambo akisimamishwa mbele ya injini iliyogoma kuwaka, akababaika asijue aanzie wapi, hakosi mtu wa kumuuliza: miaka minne yote hiyo ulikuwa unasoma nini? Swali si la kuonea. Lakini ndani yake mna dhana kwamba shahada ile ilikusudiwa kumtoa fundi aliye bora kuliko mafundi wengine wote, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Fundi aliyekaa gereji miaka kumi atamshinda mhitimu yule kwenye injini leo, kesho, na pengine mwaka mzima ujao. Chuo kinalijua hilo na hakihangaiki nalo.

Kinachohangaisha ni kwamba ukiwauliza wahusika wenyewe shahada hiyo ina lengo gani, kila mmoja ana lake. Mwanafunzi atakwambia ajira. Mwajiri anataka mtu wa kuanza kazi Jumatatu bila kufundishwa upya. Mhadhiri anazungumzia misingi ya sayansi. Vyombo vya ithibati, yaani vinavyokagua na kuidhinisha programu za vyuo, vina orodha ambamo mawasiliano na maadili vimekaa bega kwa bega na hesabu. Malengo yote haya yamo kweli ndani ya mtaala mmoja, na baadhi yake yanavutana. Ukishajua yanavutana wapi, mtaala uliokuwa unaonekana kama rundo la masomo yasiyojuana unaanza kueleweka.

Tatizo la aina gani?

Pa kuanzia pazuri ni mikataba mitatu ambayo watu wengi nje ya taaluma hawajawahi kuisikia. Mwaka 1989 vyombo vya ithibati vya Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, Nyuzilandi na Ayalandi vilitia saini Mkataba wa Washington, wa kutambuliana shahada za uhandisi. Ukafuata Mkataba wa Sydney mwaka 2001 kwa ajili ya wanateknolojia wa uhandisi, na wa Dublin mwaka 2002 kwa mafundi sanifu. Ukizisoma sifa ambazo mikataba hii inazitarajia kwa wahitimu, utashangaa jinsi maneno yanavyofanana. Kinachobadilika ni aina ya tatizo. Fundi sanifu anategemewa kutatua tatizo ambalo mipaka yake iko wazi. Mwanateknolojia anapewa tatizo pana zaidi, ambalo mbinu zake zimeshazoeleka. Mhandisi anaachiwa tatizo changamano: halina jibu la dhahiri, matakwa yake yanagongana, na mara nyingine hata swali lenyewe halijaulizwa sawasawa.

Chukua pampu inayovuja kwenye sili, kile kizibo kinachozuia maji yasitoke pale shafti, mhimili unaozunguka, inapopita. Kubadilisha sili kwa kufuata mwongozo ni kazi yenye mipaka wazi, na inataka mikono inayojua inachofanya. Kuchagua sili ya aina nyingine itakayostahimili maji ya moto zaidi, kwa kusoma majedwali ya watengenezaji, kunataka maarifa mapana kidogo. Sasa tuseme pampu ileile imebadilishiwa sili mara kadhaa ndani ya mwaka na bado inavuja. Je, shafti inatetemeka? Bomba lilifungwa kwa kulazimishwa, likaivuta pampu ikakaa upande? Presha ya upande wa kuingilia imeshuka mno, hata maji yanachemka yakiwa hayana moto, na viputo vyake vinapopasuka vinaitikisa pampu nzima? Au kuna mtu alibadilisha ratiba ya uzalishaji, na pampu siku hizi inafanya kazi mbali kabisa na kiwango ilichotengenezewa? Hakuna mwongozo wenye ukurasa wa swali hili. Hapa ndipo shahada ya uhandisi ilipolenga.

Mgawanyo huu hausemi nani mkubwa kwa nani. Mhandisi wa pampu ile akiwa na akili atamtafuta kwanza fundi aliyebadilisha zile sili, amuulize zilikuwa zimelika upande mmoja au pande zote. Jibu hilo moja linaweza kuyaondoa mashaka nusu.

Maswali manne, na kwa nini hesabu ni nyingi hivyo

Ondoa majina marefu ya kozi, utabaki na maswali manne. Kitu hiki kitahimili mzigo? Kitakwendaje kikisukumwa? Joto litapita wapi? Maji, hewa au mvuke utatiririka vipi? Mekanika ya yabisi inajibu la kwanza, dinamiki la pili, themodinamiki na uhamishaji joto la tatu, na mekanika ya vimiminika na gesi la nne. Pembeni yake yapo masomo ya metali na plastiki, mbinu za kusubu, kukereza na kuchomelea, umeme kiasi, na udhibiti wa mitambo. Juu ya yote hayo, au tuseme chini yake, kuna hisabati. Chombo cha ithibati cha Marekani, ABET, kinataka angalau krediti 30 za muhula ziwe za hisabati na sayansi za msingi, na angalau 45 ziwe za uhandisi wenyewe.

Wanafunzi wengi huona krediti zile 30 kama ushuru wa kulipia ili upewe ruhusa ya kuingia kwenye mashine. Sidhani kama wanalaumika, kwa sababu ni nadra mtu kuwaeleza sababu. Sababu ni kwamba mashine zinapita na kanuni zinabaki. Mwaka 1824 Mfaransa kijana, Sadi Carnot, alionyesha kwamba kazi inayoweza kupatikana kwenye joto ina ukomo, na ukomo huo unategemea joto la juu na joto la chini ambamo injini inafanya kazi, basi. Injini za mvuke alizokuwa akizitazama ziko makumbusho. Ukomo wake uko palepale, unaitawala turbini ya gesi ya leo kama ulivyoitawala mashine ya wakati wake. Injini inayopokea joto katika kelvini 900 na kulitupa katika kelvini 300 haiwezi kugeuza zaidi ya theluthi mbili za joto hilo kuwa kazi. Akija mtu na mchoro wa injini inayodai asilimia 80 katika hali hiyo, mhandisi hana haja ya kuifungua.

Hesabu inatoa pia kitu ambacho mazoea hukitoa polepole sana, nacho ni kujua jibu litabadilika kiasi gani ukigusa kitu fulani. Ubao wenye unene wa milimita 50 na upana wa milimita 200, ukiulaza chali juu ya nguzo mbili, unapinda chini ya mzigo. Ukiusimamisha kwa ubavu, ukaacha mzigo uleule na mbao zilezile, ugumu wake dhidi ya kupinda unaongezeka mara 16. Seremala yeyote anajua kwamba ubao wa kusimama ni mgumu zaidi. Lile 16 ndilo linalotoka darasani, na ndilo linalokuwezesha kupunguza mbao bila kubahatisha.

Shafti ya milimita 20

Lakini kama lengo lingekuwa hesabu peke yake, mwaka wa tatu na wa nne visingekuwa na kazi. Nitaeleza kwa mfano mmoja kwa kirefu, maana hapa ndipo kiini cha shahada kilipo na ndipo kinapofichika.

Mwanafunzi wa mwaka wa pili hupewa swali la namna hii: mota ya kilowati 10 inazungusha shafti ya chuma cha pua kwa mizunguko 1,500 kwa dakika; mkazo wa kukata, yaani nguvu inayobebwa na kila kipande cha eneo ndani ya chuma, usizidi megapaskali 40; tafuta kipenyo. Anagawa nguvu ya mota kwa kasi ya mzunguko, anapata nguvu ya kuzungusha ya karibu newtonmita 64. Anaiingiza kwenye fomula ya msokoto, kipenyo kinatoka milimita 20. Anapiga mstari chini ya jibu na kupata alama zote.

Mwaka unaofuata, somo la usanifu wa vipuri vya mashine linarudi kwenye shafti ileile na kuanza kulibomoa jibu. Shafti ina gia, na gia haisokoti tu, inasukuma pia kwa pembeni. Kwa hiyo shafti inapinda huku ikizunguka. Gia isiteleze inahitaji kufungwa, na njia ya kawaida ni kuchonga mfereji kwenye shafti na kuingiza humo kipande cha chuma; mfereji huo unapunguza chuma na kuongeza mkazo kwenye kona zake. Beringi lazima ziegemee mahali, kwa hiyo shafti itakuwa na bega, sehemu nene kukutana na nyembamba, na kila kona ya bega ikiwa kali ni mwanzo wa ufa. Beringi zenyewe hazitengenezwi kwa kipenyo chochote unachotaka. Zinauzwa kwa vipimo maalumu, 20, 25, 30 na kuendelea, nawe utachagua humo. Mota ya umeme inapowashwa huweza kutoa kwa kitambo nguvu ya kuzungusha inayofika mara mbili ya ile ya kawaida. Na ile megapaskali 40 ya kwenye swali ilitoka wapi? Nani aliiweka, kwa chuma gani, akiacha nafasi kiasi gani ya usalama?

Kisha linakuja suala la muda. Nukta moja juu ya ngozi ya shafti inayopinda, kila shafti inapozunguka, inavutwa mara moja na kubanwa mara moja. Kwa mizunguko 1,500 kwa dakika, saa 24 tu zinatosha kuivuta na kuibana mara 2,160,000. Mjerumani August Wöhler, aliyeshughulika na ekseli za mabehewa ya reli katikati ya karne ya 19, ndiye aliyeonyesha kwa majaribio ya miaka mingi kwamba mkazo usioweza kuvunja chuma kwa mara moja unaweza kukivunja ukirudiwa mara za kutosha. Tunauita uchovu wa metali. Shafti iliyokokotolewa kwa mzigo uliotulia inaweza kufanya kazi vizuri mbele ya mteja siku ya makabidhiano, ikakatika wiki mbili baadaye.

Mwishowe shafti ile huenda ikawa ya milimita 30, au 35. Wahandisi wawili wazuri wanaweza kutofautiana hapo bila mmoja wao kuwa amekosea: mwingine amejali uzito, mwingine amejali kwamba mashine iko mahali ambapo ikisimama usiku hakuna wa kuitengeneza. Hesabu ya mwaka wa pili haikuwa ya uongo. Ilijibu swali ambalo mtu mwingine alikuwa amelikata pembe zote likawa safi. Lengo la shahada, kwa maoni yangu lengo lililo kubwa kuliko mengine yote, ni kumfikisha mwanafunzi mahali ambapo anazikata hizo pembe mwenyewe, anajua alichokiacha nje, na anaweza kueleza kwa nini kukiacha ni salama.

Kompyuta haijalipunguza hitaji hilo, na mimi nadhani imelizidisha. Programu za kukokotoa mkazo hugawa kipande cha mashine katika vipande vidogo maelfu kwa maelfu na kurudisha picha ya rangi, bluu pasipo na shida na nyekundu palipo na hatari. Picha inapendeza, na mwanafunzi asiye na msingi huiamini. Sasa mchore kipande chenye kona ya ndani iliyo kali kabisa, kisha ukokotoe. Utapata namba fulani pale konani. Vigawe vipande viwe vidogo zaidi ili upate jibu sahihi zaidi: namba inapanda. Vigawe tena: inapanda tena, na haitakoma, kwa sababu katika nadharia ya kunyumbuka ambayo programu inaitumia, mkazo kwenye kona kali isiyo na mviringo wowote hauna kikomo. Programu haijakosea. Imejibu ilichoulizwa. Anayejua nadharia ataiweka kona mviringo, kama itakavyokuwa kiwandani. Asiyeijua ataripoti namba ambayo imetegemea tu ukubwa wa vipande alivyochagua.

Warsha au ubao?

Mvutano kati ya nadharia na mikono una umri mkubwa kuliko vyuo vingi. Ufaransa ilianzisha École Polytechnique mwaka 1794, na njia yake ilikuwa hisabati kwanza, matumizi baadaye. Uingereza kwa muda mrefu ilikwenda kinyume chake: mhandisi alifunzwa kazini chini ya bwana wake. George Stephenson, bingwa wa garimoshi na rais wa kwanza wa taasisi ya wahandisi mitambo ya nchi hiyo iliyoanzishwa mwaka 1847, alifika utu uzima bado hajui kusoma. Njia zote mbili zilitoa wahandisi wakubwa, na ndiyo sababu ubishi haujaisha.

Marekani mizani iliyumba waziwazi. Vyuo vyake vya mwanzo wa karne ya 20 vilijaa karakana za kusubu na kukereza na madawati ya kuchorea. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, wengi waliona kwamba kwenye miradi mipya ya wakati wa vita wanafizikia ndio walioongoza, na wahandisi wakawafuata. Mwaka 1955 kamati iliyoongozwa na L. E. Grinter ilitoa ripoti iliyotaka mtaala usimame juu ya sayansi sita za uhandisi, tatu kati yake zikiwa mekanika ya yabisi, mekanika ya vimiminika na gesi, na themodinamiki. Vyuo vikaitikia kwa bidii. Karakana zikafungwa au kupunguzwa, milinganyo ikaongezeka.

Miongo michache baadaye waajiri wakawa wanalalamika upande wa pili: vijana wanajua kukokotoa lakini hawajawahi kutengeneza kitu, hawawezi kufanya kazi na wenzao, hawajui kuandika ripoti. Majibu yalikuwa mengi. MIT, chuo cha teknolojia cha Massachusetts, tangu miaka ya 1970 ilipata umaarufu kwa kozi ya Woodie Flowers, ambamo kila mwanafunzi alipewa boksi la vifaa vilevile atengeneze mashine ya kushindana na za wenzake. Kuanzia mwaka 2000 hivi MIT ilishirikiana na vyuo vitatu vya Uswidi, Chalmers, KTH na Linköping, kuunda mpango unaoitwa CDIO, unaopanga masomo kwa kufuata maisha ya kitu: kukiwaza, kukisanifu, kukitengeneza, kukiendesha. Na leo karibu kila programu ya uhandisi ina mradi mkubwa wa mwisho. ABET inaulazimisha.

Mtu akiniuliza nipime ubora wa programu kwa kitu kimoja, nitautazama mradi huo. Sitaangalia kama mashine ilifanya kazi, maana nyingi hazifanyi. Nitaangalia kama wanafunzi walijiwekea vipimo kabla ya kuanza, kama walifikiria njia zaidi ya moja, na kama wanaweza kueleza kwa namba kwa nini waliiacha ya pili. Kikundi ambacho mashine yake imekwama lakini kinajua imekwama wapi na kwa kiasi gani kimefika mbali kuliko kile ambacho mashine yake imefanya kazi kwa bahati.

Maabara nazo zimekusudiwa hivyohivyo, ingawa mara nyingi zinaharibika zikawa zoezi la kujaza jedwali lililoandaliwa. Kazi yake halisi ni kumkutanisha mwanafunzi na kipimo ambacho hakikubaliani na nadharia, halafu aamue: sensa imekosea, nadharia haikufaa hapa, au yeye mwenyewe amesoma vibaya? Na atambue kwamba kila namba aliyoipima ina upana wake wa shaka, ambao usipoandikwa namba yenyewe haina thamani.

Watu walio karibu na boila

Maadili na mawasiliano ndiyo masomo ambayo wanafunzi huyadharau zaidi, na ndiyo yenye historia nzito zaidi.

Tarehe 20 Machi 1905 boila ya kiwanda cha viatu huko Brockton, Massachusetts, ililipuka. Jengo liliporomoka na kushika moto, wakafa watu 58. Haikuwa ya kwanza wala ya ajabu. Milipuko ya boila katika miaka ile ilikuwa habari ya kawaida. Massachusetts ikatunga kanuni zake za boila, kisha chama cha wahandisi mitambo cha Marekani, ASME, kikaandaa kanuni za pamoja, toleo la kwanza likiwa la mwaka 1914. Kanuni hizo, zikiwa zimepanuliwa mara nyingi, bado zinatumika. Mwanafunzi anapofunguliwa jedwali la unene wa chini wa ukuta wa tangi la presha, anaona namba. Anatakiwa aone pia kwamba namba ile ipo kwa sababu kuna watu walifanya kazi karibu na boila zilizotengenezwa kabla ya kanuni hizo kuwepo.

Januari 1986 ni somo la aina nyingine. Usiku wa kuamkia kurushwa kwa chombo cha anga Challenger, wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi zake za pembeni walipinga kukirusha kwa sababu ya baridi. Walihofia kwamba pete za mpira zinazoziba maungio ya roketi zingekuwa ngumu na kushindwa kuziba haraka. Uongozi wao ulianza kwa kuwaunga mkono, kisha ukageuka. Tarehe 28 gesi ya moto ilipenya kwenye ungio mojawapo, chombo kikavunjika sekunde 73 baada ya kuruka, na watu saba waliokuwemo wakafa. Wachambuzi wamebishana tangu hapo kuhusu namna data za majoto na za kuharibika kwa pete zilivyowasilishwa usiku ule, kama zingepangwa vingine zingeeleweka zaidi au la. Vyovyote utakavyoamua, kisa kile kinaonyesha kwamba kujua hakutoshi: kuna kumfanya mtu mwingine aelewe unachokijua, muda ukiwa mfupi na yeye akiwa hataki kusikia, na kuna kusimama palepale baada ya bosi wako kubadili msimamo. Kozi ya mihadhara kumi haimpi mtu ujasiri huo. Inaweza angalau kumfanya aitambue hali hiyo akijikuta ndani yake.

Karatasi mbili zinazochanganywa

Anayesoma nyaraka za programu ya uhandisi atakutana na orodha mbili zinazofanana, na hata wahadhiri huzichanganya. Moja inaeleza malengo ya programu, yaani kile ambacho wahitimu wanategemewa kuwa wamekifikia miaka michache baada ya kuhitimu: wanaongoza miradi, wamesajiliwa kitaaluma, wameendelea na masomo. Nyingine inaeleza matokeo, yaani kile ambacho mwanafunzi anaweza kukifanya siku anapomaliza. Ya pili unaweza kuipima kwa mtihani, ripoti au mradi. Ya kwanza huwezi. Unaipima kwa kuwafuatilia wahitimu na waajiri wao, na jibu linakuja likiwa limechelewa na lina ukungu.

Mabadiliko makubwa ya kufikiri kwa njia ya matokeo yalikuja na vigezo vipya vya ABET vya mwishoni mwa miaka ya 1990. Kabla ya hapo mkaguzi alihesabu zaidi: saa ngapi za somo gani. Baada ya hapo akaanza kuuliza: mnao ushahidi gani kwamba wanafunzi wenu wanaweza? Orodha ya awali ilikuwa na matokeo 11. Tangu mwaka wa masomo 2019–20 yapo saba. Kutatua matatizo changamano ni la kwanza. Usanifu unaozingatia afya na usalama wa watu ni la pili. Yanafuata mawasiliano, maadili, kazi ya kikundi, majaribio na uamuzi wa kihandisi unaotokana nayo, na la saba ni uwezo wa kujifunza jambo jipya linapohitajika.

Kwa haki, mfumo huu una wakosoaji wake na hoja zao si dhaifu. Kila tokeo likidai ushahidi, idara zinaishia kutengeneza makabati ya karatasi, na mhadhiri anatumia jioni zake kujaza majedwali ya ulinganisho badala ya kusahihisha ripoti kwa makini. Vilevile baadhi ya mambo yenye thamani zaidi hayapimiki vizuri. Lile tokeo la uamuzi wa kihandisi ndilo gumu kuliko yote kulipa alama, na nimeshaeleza kwa nini naliona ndilo kiini.

Nalo tokeo la saba lisichukuliwe kama pambo. Katika miaka minne hakuna nafasi ya kufundisha betri, roboti, uchapaji wa metali kwa tabaka, akili unde na kila kingine ambacho waajiri wataka kiongezwe. Kila kinachoingia kinasukuma kitu nje, na mara nyingi kinachosukumwa ni msingi, kwa sababu msingi hauna mtu wa kuupigia kelele. Chuo kinachoshindana na soko kwa kufundisha programu fulani ya kompyuta kitamtoa mhitimu ambaye ujuzi wake unakwisha siku toleo jipya linapotoka.

Ndiyo maana pia nchi nyingi hazimwiti aliyemaliza shahada mhandisi kamili. Marekani, kwa mfano, anayetaka leseni hufanya mtihani wa misingi karibu na kuhitimu, kisha kwa kawaida hufanya kazi miaka minne chini ya wahandisi wenye leseni na kufaulu mtihani wa pili, ndipo anapewa haki ya kupiga muhuri wake kwenye michoro. Wengi wa wahandisi mitambo wa nchi hiyo hawaifuati njia hiyo, maana sheria inawasamehe walio kwenye viwanda vya kutengeneza bidhaa. Lakini hata huko viwandani kuna jina la mtu kwenye kona ya kila mchoro, na mhitimu mpya hatakutwa akiandika lake hapo peke yake mwaka wa kwanza.